Mgongo Unauma, na Umefungwa Waya za Mashine ya Uongo

Bongo ukiomba kazi ya ulinzi utaulizwa kama ulipitia mgambo au JKT. Hapa Texas jamaa yangu aliomba kazi ya kusindikiza gari la fedha, akaambiwa aje apimwe uongo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1988 inawakataza waajiri wengi binafsi kuwapima watu kwa poligrafu, yaani hiyo mashine ya uongo, ila kampuni za ulinzi na za magari ya fedha zimeruhusiwa, na serikali yenyewe haiguswi.

Sasa jamaa huyu kanyanyua wazee wa watu kwenye nyumba za kulelea mpaka mgongo umekwisha. Maumivu yanamshuka hadi mguuni. Asubuhi anameza dawa ya presha, ile inayopunguza kasi ya moyo, na usiku ya kutuliza maumivu.

Mfikirie kitini. Mirija miwili imemzunguka kifuani na tumboni, vidoleni kuna vipimo vya jasho, na mkononi ile mikanda ya kupimia presha imejazwa upepo, inabana dakika kadhaa mpaka mkono unakufa ganzi. Chini amekalia kimto kinachonasa akijitikisa. Halafu anaambiwa atulie tuli!

Mashine haiujui uongo. Inachojua ni pumzi, jasho na msukumo wa damu, na mpimaji analinganisha mwili ulivyoshtuka kwenye swali hili na lile. Maumivu ya chini chini yapo kwenye maswali yote, hayo siyaogopi sana. Balaa ni yale ya kuchoma ghafla. Yakimpata wakati anaulizwa kama aliwahi kumwibia mwajiri, pumzi inakatika na presha inapanda. Akisogea kidogo kuupumzisha mgongo ndiyo kabisa, kwa sababu wanaotaka kuihadaa mashine hujiuma ulimi au kukunja vidole vya miguu makusudi, wajitie maumivu kwenye maswali wanayoyachagua wao. Mgonjwa wa kweli na mjanja wanaweza kufanana kwenye michoro.

Kuna waliomshauri aache dawa siku mbili tatu "ili mwili uwe safi". Nilimkatalia katakata. Dawa za moyo za aina hiyo ukizikatiza ghafla, mapigo yanaweza kwenda mbio na presha kupaa, na huo ni ugonjwa kabla hata ya kipimo. Azimeze kama daktari alivyoandika, azitaje zote kabla hajafungwa waya.

Sheria ileile inamlinda kwa mwajiri binafsi: mpimaji asipime kama kuna maandishi ya kutosha ya daktari kwamba ugonjwa au tiba inaweza kuvuruga majibu ya mwili. Tena anaweza kusimamisha kipimo wakati wowote. Akiomba upolisi ni habari nyingine.

Barua ya daktari akaipata. Mpimaji akaisoma, akauliza maswali mawili matatu kuhusu dozi, akaahirisha. Kwa sasa jamaa yuko kwa wazee wake wa nyumba ya kulelea, zamu ya usiku, na daktari kamwandikia mazoezi ya mgongo ambayo anasema hana muda nayo.