Usingizi wangu, na magoti yanayokatika

Tangu kidato cha pili nimekuwa mtu wa usingizi. Naweza kulala saa tatu usiku, nikaamka saa kumi na mbili, na ikifika saa nne asubuhi niko mbele ya cherehani macho yanafunga kama niliyekesha msibani. Shuleni nilisimamishwa nyuma ya darasa ili nisilale, nikalala nikiwa nimesimama, nimeegemea ukuta. Nyumbani kwetu Old Moshi, mama alinipeleka kupima malaria, minyoo, wingi wa damu. Mjomba aliyekuwa akifanya kazi porini akaleta hofu ya malale, kwamba huenda mbung'o aliniuma tulipokwenda kumtembelea. Vipimo vyote vikarudi safi. Baada ya hapo hakuna aliyetafuta ugonjwa tena. Wakasema ni uvivu, nami nikaamini.

Leo nina kibanda cha ushonaji, si mbali na soko la Mbuyuni. Kinachonitisha si kusinzia kwenyewe, ni kile mikono yangu inachofanya nikiwa nimesinzia. Cherehani haisimami. Nazinduka nakuta mshono umeacha alama ya chaki, umekata kona, umekwenda kushikiza mkono wa gauni kiunoni, na sikumbuki hata kidogo nilivyofika hapo. Binti ninayemfundisha kazi husema, "Dada, ulikuwa unaendelea kushona, nikajua uko macho." Nimekuja kuelewa kwamba madaktari wa usingizi wanaijua hali hii: ubongo unasinzia kwa vipande vifupi, na mwili unaendelea na kazi uliyoizoea. Wengine huwapata wanaandika, na maandishi yanageuka michirizi katikati ya sentensi. Wengine huwapata wakiwa kwenye usukani. Ndiyo maana nimekataa kujifunza kuendesha pikipiki, ingawa ingenisaidia sana kupeleka nguo kwa wateja.

Usiku nako kuna yake. Nafumbua macho, naona dirisha, namsikia baba watoto akikoroma, lakini siwezi kunyanyua kidole. Kuna mtu amesimama mlangoni, au ameshanikalia kifuani. Jinamizi si jambo geni, wengi limewakaba mara moja au mbili maishani. Mimi linanirudia wiki kwa wiki. Shangazi alinipeleka kuombewa, na simlaumu hata kidogo. Naomba, na nitaendelea kuomba. Ila wale waliokuwa wakiniombea walimkemea yule mtu wa mlangoni kwa sauti kubwa, nami nikatoka pale na hofu kuliko niliyoingia nayo, kwa kuwa sasa watu wazima walikuwa wamenithibitishia kwamba yupo.

Mambo yalibadilika kwa sababu ya sindano. Ilinipita kidoleni nikiwa nimesinzia, nikaenda kufungwa kidonda, na daktari kijana aliyenihudumia akataka kujua imekuwaje. Nikamweleza. Akauliza habari za ndoto, akauliza habari za jinamizi, halafu akaniuliza swali ambalo sijawahi kuulizwa na mtu: "Na ukicheka sana, mwili unakuwaje?"

Nikamjibu kwamba unakuwa kama wa kila mtu. Taya linakuwa zito, shingo inashindwa na kichwa, magoti yanakatika, unashika meza usianguke. Unasikia kila neno ila huwezi kujibu, na baada ya muda mfupi nguvu zinarudi. Akaweka kalamu chini. Jioni ile nikawauliza nyumbani mmoja mmoja, kuanzia mwanangu mkubwa hadi mama kwa simu. Hakuna anayekatika magoti akicheka. Watu husema wamecheka mpaka wameishiwa nguvu, na miaka yote hii nilidhani wanazungumzia hilihili langu.

Hali anayoishuku daktari inaitwa narkolepsi. Mfaransa Gélineau, daktari, aliipa jina hilo mwaka 1880, na mgonjwa aliyemweleza alikuwa mfanyabiashara wa mapipa ya mvinyo, aliyevamiwa na usingizi mchana na kuanguka akicheka, au hata akinusa biashara nzuri. Nilipofika hapo niliacha kusoma nikatembea uani. Mimi pia hulegea mteja akileta oda ya sare za harusi.

Nilivyoelewa ni hivi. Kwa kawaida mtu akilala, usingizi wa ndoto humfikia baada ya kama dakika 90, na ukifika, ubongo huzima misuli ili mtu asiinuke akazitenda ndoto zake. Kwenye narkolepsi ndoto huweza kuja ndani ya dakika 15, na mipaka huvuja. Ukizinduka kabla misuli haijawashwa, hilo ni jinamizi, na yule wa mlangoni ni ndoto inayoonekana kwa macho yaliyo wazi. Misuli ikizimika mchana ukiwa macho, kwa kuchochewa na kicheko, hayo ni magoti yangu. Mwaka 1998 watafiti waligundua kemikali ya ubongo iitwayo oreksini, inayotusaidia kukaa macho. Wenye narkolepsi ya aina hii wamepoteza sehemu kubwa ya chembe zinazoitengeneza. Na kwa wengi huanza katika ujana, umri uleule ambao mtoto anaitwa mvivu.

Usingizi siulilii sana. Ninacholilia ni kicheko. Bila kujua, nilijifunza kujizuia. Mtu akianza hadithi ya kuchekesha nainama kutafuta uzi, nafikiria madeni, naondoka. Krismasi, ukoo wote ukipanda nyumbani na wajomba wakianza visa vyao kwenye mbege, mimi ndiye ninayekwenda jikoni kuangalia ndizi. Mawifi zangu wamesema kwa muda mrefu kwamba ninajidai. Na wasemeje, kama kila wanapocheka mimi nanyanyuka?

Sijathibitishwa, na ninalisema hili kwa msomaji anayejiona humu. Wapo wanaosinzia mchana kwa sababu pumzi zinakatika usiku, na hao hukoroma sana. Wapo wenye sonona, wapo wanaotumia dawa za kulewesha, wapo wasiolala tu. Daktari alinijazisha maswali manane yaliyotungwa na Murray Johns wa Melbourne mwaka 1991, kila moja lina alama 0 hadi 3: unasinzia ukisoma, ukitazama televisheni, ukiwa abiria kwa saa nzima mfululizo? Hilo la abiria sikuhitaji kufikiri. Nikipanda Coaster kwenda Arusha, Boma Ng'ombe siioni. Jumla ikizidi 10 inastahili kuchunguzwa, na yangu imezidi mbali. Lakini karatasi haitoi hukumu. Kipimo chenyewe ni kulala usiku mzima na nyaya kichwani, halafu kesho yake kupewa nafasi za kulala mchana kila baada ya saa mbili, wakiangalia unachukua dakika ngapi kusinzia na kama ndoto zinawahi.

Nimeandikiwa rufaa ya kumwona daktari wa mishipa ya fahamu katika hospitali ya KCMC, hapa Moshi. Wakati ninasubiri, nalala kwa makusudi dakika 20 baada ya chakula cha mchana, juu ya mabaki ya vitenge, na binti ananiamsha. Mchana wangu umekuwa mwepesi kuliko nilivyokumbuka. Naandika kila siku nimelala na kuamka saa ngapi. Na daktari ameomba kitu kimoja zaidi, video ya simu ikionyesha ninavyolegea, kwa kuwa mbele yake huenda isitokee.

Kwa hiyo Jumamosi mdogo wangu anakuja kutoka Arusha. Hakuna anayenichekesha kama yeye, na ndiye niliyemkwepa kuliko wote. Baba watoto atashika simu, mimi nitakaa chini mkekani, mbali na jiko. Nimemwambia aje na hadithi zake zote, aanze na ile ya mbuzi wa mjomba, ambayo sijawahi kuisikia mpaka mwisho.