Ilikuwa bamvua

Nimerudi Wete, hapa Pemba, usiku huu na usingizi hauji. Siku tatu tulikuwa Kiuyu Mbuyuni, wilaya ya Micheweni, tukiwauliza watu maisha yao na bahari. Mimi ni mdadisi: hodi, salamu, dodoso, kishikwambi, nyumba ya pili. Juzi na jana tulianza saa mbili asubuhi na adhuhuri tushamaliza. Waliotujibu karibu wote ni wanaume waliokuwa barazani. Penye kazi ya mke nimejaza "hana kazi" mara kumi na moja. Nimezihesabu.

Ilikuwa bamvua. Mimi mtoto wa pwani, bamvua nalijua kabla sijajua kusoma. Mwezi ukiandama au ukipevuka, maji hukauka mno asubuhi, na kila mwanamke mwenye kamba zake za mwani huwa yuko huko chini. Waliopanga safari walitazama kalenda ya ofisini. Mimi niliyejua nilinyamaza, na hilo ndilo linaloniuma.

Leo niliwaacha wenzangu nikashuka pwani. Nilimkuta mama mmoja akifunga mbegu kwenye kamba, taitai moja moja, vile vijikamba vya kufungia mwani. Vidole vimechanika pembeni mwa kucha, ngozi imekuwa nyeupe kwa chumvi.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Sina kazi, mwanangu."

Mikono haikusimama. Nikaliacha dodoso, nikamuuliza: tangu alfajiri umefanya nini? Hapo ndipo alipofunguka. Kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri zaidi, humfia maji yakipata moto, kwa hivyo amehamia aina nyingine, spinosamu, ambayo bei yake ni ndogo. Anavuna, anaanika, anabeba mwenyewe hadi kwa mnunuzi. Sare za watoto zimetoka humo. Mumewe alinijibu juzi na hakutaja hata moja ya hayo. Simlaumu, niliuliza "kazi", na kwao kazi ni ya kuajiriwa.

Mwani wa biashara ulianza mashariki ya Unguja mwaka 1989, na tangu hapo wakulima wake wengi ni wanawake. Tangu 2020 tuna wizara yenye jina la Uchumi wa Buluu. Sera huandikwa kwa takwimu, na takwimu huanzia mlangoni, kwa mtu kama mimi na kidole changu juu ya kioo. Nikiandika "hana kazi", nani atamuuliza mama yule kuhusu bei, au maji ya moto? Na vijana walio dago, kambi za wavuvi, wiki nzima, nani amewauliza?

Nilipoaga aliniambia, "Mulikuja sote tuko maji. Njooni maji mafu, tutakaa tuzungumze." Maji mafu ndizo siku ambazo bahari haikauki sana.

Nimeshamwandikia msimamizi: nyumba zile kumi na moja zirudiwe, mchana, na waende wadadisi wanawake, na swali la kazi tuliulize kama nilivyoliuliza leo. Hajajibu bado. Maji mafu yanaanza Jumanne.