Utiifu Unaonitia Wasiwasi

Watu wakimsifu mdogo wangu husema ni mtiifu. Ni mtu mzima sasa, ana ulemavu wa akili, na kweli ni mpole. Muulize kama ameshiba, atasema ndiyo. Muulize baadaye kidogo kama bado ana njaa, ndiyo pia.

Mwaka 1981 mtafiti wa Marekani Carol Sigelman na wenzake walieleza jambo hilihili: watu wenye ulemavu wa akili walipoulizwa maswali mawili yanayopingana, mara nyingi waliitikia yote mawili. Wapo ambao swali limewazidi. Ila naamini wapo pia waliojifunza tangu utotoni kwamba kuitikia ndiko kunakowapa amani. Mtoto asiyeweza kusema jino linamuuma atajipiga kichwa, nasi tutaita hiyo tabia mbaya. Akinyamaza, tunasema amebadilika. Watafiti wengine, Edward Carr na Mark Durand, walipita njia nyingine mwaka 1985. Walifanya kazi na watoto wanne tu wenye ulemavu waliokuwa na vurugu za namna hiyo, wakawafundisha kusema "sielewi" kazi inapowashinda, au kuuliza kama wanafanya vizuri wanapotaka kuangaliwa. Vurugu zikapungua. Kila nikiikumbuka kazi hiyo napata nguvu, kwa sababu hawakuanza na namna ya kumnyamazisha mtoto. Walianza kwa kutafuta anachotaka kusema.

Sasa jana, kwenye daftari linalotoka kituo anakoshinda mchana, nikakuta mlezi ameandika: "Leo amekuwa mkaidi." Nilipouliza, kumbe mwenzake mmoja, kijana mwenye Down syndrome (hali ya kuzaliwa nayo inayoathiri akili na mwili) ambaye mdogo wangu anampenda sana, alitaka kumvuta wakacheze, mdogo wangu akautoa mkono wake akasema sitaki. Yule kijana akanuna. Baada ya chakula walikuwa wameketi pamoja tena.

Nilifurahi mno! Karibu kila mtu aliye karibu na mdogo wangu ni ndugu yake au yuko kazini, na sisi sote tuna sababu ya kumvumilia. Huyu kijana hana. Alikataliwa, akakasirika, akarudi kwa hiari yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, unasema katika ibara ya 19 kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuchagua aishi wapi na aishi na nani. Atachaguaje, kama mara ya kwanza anapokataa jambo dogo tu anaandikwa mkaidi?

Nimemwomba mlezi waache kumuuliza maswali ya ndiyo au siyo pale inapowezekana. Wamwonyeshe picha mbili, kisha wamsubiri. Anachelewa kujibu, na ukimharakisha ataitikia tu. Amekubali kujaribu. Jambo la pili ni gumu zaidi: nataka hawa wawili wakutane hata siku ambazo kituo kimefungwa. Wiki hii nitawatafuta wazazi wa yule kijana, ila kwanza mdogo wangu mwenyewe aulizwe kama anataka.