Damu yangu iko wapi? Siku moja na mtafiti wa vijidudu vya mifugo

Mama yangu huwaambia majirani kwamba natibu ng'ombe. Sijatibu ng'ombe mwaka wa tisa huu. Natafuta brusela, bakteria anayefanya mifugo itupe mimba na watu wapate homa isiyoisha, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kuamka mapema na kubembeleza.

Saa 10:00 alfajiri. Tunatoka Morogoro kwa barabara ya Dodoma, tunakata kona Dumila kuelekea Kilosa. Boksi la barafu, sindano, glovu, mabuti, chapati za jana. Mbuzi wakishatoka kwenda malishoni siku imekufa.

Saa 12:30. "Takwenya," mzee ananisalimia. "Iko," naitikia, nikidhani mambo yamenyooka. Mzee amesimama kwenye mlango wa zizi, fimbo mkononi, hasogei.

"Mwaka juzi mlikuja. Mkachukua damu. Iko wapi?"

Hatukuwa sisi, ulikuwa mradi mwingine kabisa. Lakini kwake gari jeupe ni gari jeupe. Namwonyesha barua ya wilaya, anatazama mlima. Afisa mifugo anajaribu kwa Kimaasai, anajibiwa neno moja. Mbuzi wanalia, jua linapanda, morani wawili wanatucheka waziwazi.

"Mbuzi wangu wazima. Unamwona mgonjwa hapo?"

Simwoni, na ndiyo balaa lenyewe. Kule kisiwani Malta nako askari wa Kiingereza waliugua homa hiyohiyo miaka na miaka huku wakinywa maziwa ya mbuzi walionona, mpaka 1905 daktari Themistocles Zammit alipopima damu ya mbuzi hao na kukuta ndio waliobeba kijidudu. Sikumsimulia mzee habari za Malta. Kilichokuwa kinanichoma ni kwamba ana haki. Bajeti zetu zina fungu la sindano, la mafuta, la kuchapisha makala. Fungu la kurudi bomani na majibu nimeliona mara chache mno.

Nikaacha kujitetea. "Mzee, kuna mbuzi aliyetupa mimba karibuni?"

"Wawili."

"Nani aliwashika?"

"Mke wa mwanangu." Mikono mitupu, bila shaka. Na huyo mke ana homa inayokuja na kuondoka. Ameshapewa dawa za malaria mara tatu.

Tulitazamana. Akamwita mjukuu, akamwamuru aandike namba yangu ya simu kwa mkaa kwenye mlango wa nyumba. "Usiponipigia, nitakupigia mimi." Akafungua zizi.

Mbuzi 40, mshipa wa shingo, saa mbili na ushee. Nilipigwa pembe ya paja.

Mchana umepotelea njiani: tope, jembe la kuazima, tope tena. Tulipofika maabara giza lilishaingia, umeme hakuna, na mwenye ufunguo wa jenereta amekwenda msibani. Nikakaa kwenye ngazi nimekumbatia boksi kama mtoto mwenye homa, nikisikiliza barafu ikiyeyuka. Watu wakisikia "mtafiti" huwaza koti jeupe na darubini. Mimi huwaza ngazi hizi.

Sijui ilikuwa saa ngapi umeme uliporudi. Mashine ikazungusha damu, seramu, yaani maji ya damu, ikajitenga juu, nikaanza. Kuotesha kijidudu chenyewe huchukua siku kadhaa, tena kwa tahadhari kubwa, kwa sababu brusela ni hodari wa kuambukiza watu wa maabara. Kipimo cha Rose Bengal ni chepesi: tone la seramu, tone la dawa ya waridi, unatikisa kigae dakika 4. Wengi walibaki laini. Wanne waliganda punjepunje.

Simu ikalia kabla sijavua glovu.

"Daktari, damu yangu imefika?"

"Imefika, mzee. Damu ya wanne ina dalili ya ugonjwa, ila kuna kipimo cha pili. Wa kwanza ni namba 17, yule mweusi mwenye sikio lililokatwa."

Kimya.

"Huyo ndiye tunamkamulia mjukuu."

"Kuanzia leo maziwa yachemshwe, yatokote kabisa. Na mke wa mwanao arudi hospitali, awaambie alishika mbuzi aliyetupa mimba. Wasimpe tena dawa ya malaria bila kupima."

Nikasikia akiongea na mtu pembeni kwa Kimaasai, kwa muda mrefu. Kisha akarudi kwenye simu.

"Taja hao watatu."

"Namba 22," nikasoma.