Nilishuka mtaa mmoja kabla

Kwa miaka minne nimekuwa nikiendesha gari kutoka Ruashi hadi mjini Lubumbashi, na kila aliyeniuliza sababu nilimjibu kwamba gari huniokolea muda. Mwezi uliopita lilikaa gereji siku sita, nikapanda taksi-basi, na hapo nikatambua kwamba jibu langu halikuwa kweli. Foleni ni ileile, nami nilichelewa dakika kumi tu kuliko kawaida, tena kwa nauli iliyo chini ya bei ya mafuta. Lililonisumbua ni mwenzangu wa kazini, aliyeniona nikishuka akaniuliza kwa huruma ya dhati, akiniita yaya kama tunavyowaita wakubwa wetu: «Yaya, gari imekufa?» Kesho yake nilishuka mtaa mmoja kabla ili asinione.

Mwanasaikolojia Icek Ajzen, katika nadharia aliyoifafanua mwaka 1991, anaeleza kwamba nia ya mtu hujengwa na mambo matatu: anavyokipima kitendo chenyewe, anavyodhani watu wake watakichukuliaje, na anavyojiona kuwa na uwezo wa kukitenda. Hilo la pili ndilo lililonishusha mapema. Kwetu, gari lililokwisha kutumika Japani hufika kwa meli Dar es Salaam, likapita mpakani Kasumbalesa, na siku linapoingia uani jamaa wote huja kulipongeza. Basi mwenye gari akionekana ndani ya taksi-basi, watu hudhani maisha yamemrudisha nyuma.

Hata hivyo siwezi kuwalaumu wenye magari peke yao. Abiria anayebanwa wa nne kwenye kiti cha watatu, akingoja basi lijae bila kujua litaondoka saa ngapi, ana haki ya kulichukia. Mwaka 2003 Ajzen, pamoja na Sebastian Bamberg na Peter Schmidt, walichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa chuo kikuu nchini Ujerumani walioanzishiwa tiketi ya basi inayolipiwa mapema: mtazamo wao juu ya basi ulibadilika, nao wakalipanda zaidi. Wanafunzi hao hawakuhubiriwa kwanza. Kilichobadilishwa ni njia ya kulipa, na fikra zikafuata.

Gari langu limeshatengenezwa. Jumanne na Alhamisi naliacha nyumbani, na sasa nashuka mbele ya mlango wa kazini. Siku za mvua kubwa bado naendesha, kwa maana kituo chetu hakina paa.