Utando Uliokubali Kuyeyuka

Jumanne usiku.

Leo jioni nimebandua kwenye kioo utando mwembamba wa poliamidi ya aromatiki, yaani polima (molekuli ndefu kama mnyororo) iliyojengwa kwa pete za kaboni, nikauinua mbele ya taa na kusoma mwandiko wa daftari langu kupitia humo. Nimeona niandike kabla sijalala, kwa sababu miezi minne iliyopita polima ya ukoo huohuo ilikaa siku tatu nzima ndani ya neli ya kioo kama pamba chafu, ikikataa kila kiyeyusho nilichokuwa nacho.

Kiswahili chetu hutumia neno kuyeyuka kwa barafu iliyoachwa juani na kwa sukari iliyotiwa kwenye chai, nami nilielewa ugumu wa kazi hii siku nilipotambua kwamba polima hizi hukataa kuyeyuka kwa namna zote mbili. Kevlar, polima ya ukoo huu inayotumika katika fulana za kuzuia risasi, ikipashwa moto hailainiki ikawa uji. Hubaki ngumu hadi inapoanza kuvunjika, kwenye nyuzi 500 za Selsiasi hivi. Pete zake za benzini zimeungwa ncha kwa ncha, hivyo minyororo hulala sambamba kama boriti zilizopangwa, na kila kundi la amidi (kiungo chenye nitrojeni na haidrojeni kinachounganisha pete hizo) hushikana na la jirani kwa kifungo cha haidrojeni. Ndiyo maana viwandani huyeyushwa katika asidi kali ya sulfuriki, polima ikiwa takriban asilimia 20 ya uzito, na asidi hiyo yote lazima ioshwe baadaye kutoka kwenye nyuzi. Gharama na hatari ya hatua hiyo moja inatosha kumfanya mkemia atafute njia ya kubadili umbo la molekuli yenyewe.

Njia ya kwanza ni kuupinda mnyororo. Nomex, ndugu wa Kevlar ambayo hushonewa mavazi ya wazima moto, ina viungo vilivyokaa pembeni mwa pete badala ya kutazamana, na kwa sababu hiyo huyeyuka katika viyeyusho vya amidi vyenye chumvi kidogo, kwani kloridi ya chumvi hiyo huishika haidrojeni ya amidi kabla mnyororo wa jirani haujaifikia. Kampuni ya Teijin ya Japani, katika Technora, ilichanganya diamini (kiambato chenye ncha mbili za nitrojeni za kuungia mnyororo) yenye daraja la oksijeni, yaani atomu ya oksijeni kati ya pete mbili inayojipinda kama bawaba, na polima hiyo huvutwa kuwa nyuzi moja kwa moja kutoka kwenye kiyeyusho ilimotengenezwa, bila asidi.

Baada ya polima ile ya kwanza kukataa kuyeyuka, mimi pia nilianza na daraja la oksijeni, tena kwa wingi. Polima hiyo mpya iliyeyuka vizuri mno, lakini tanurini ililainika mapema na ukingo wa utando ukajikunja mbele ya macho yangu. Nilihuzunika, maana nilikuwa nimenunua umumunyifu, yaani uwezo wa kuyeyuka katika kiyeyusho, kwa kuuza ustahimilivu wa joto, ambao ndio sababu ya kuitaka polima hii tangu mwanzo.

Kwa hiyo safari hii sikuweka bawaba yoyote. Nilichagua diamini yenye pete mbili zilizoungana, ambayo karibu na muungano huo kila pete imebeba kundi la kaboni moja na florini tatu. Makundi hayo ni manene, husukumana, na pete hulazimika kupishana badala ya kulala katika bapa moja. Mnyororo unabaki mgumu, ila hauwezi tena kujibana na wenzake, na kiyeyusho hupata pa kupenya. Naamini hii ndiyo hila bora kuliko zote nilizojaribu: kuitenganisha minyororo bila kuilegeza.

Nilipotia kiambato cha pili kinachoungana na diamini, yaani kloridi za asidi, za tereftaliki na isoftaliki pamoja, chombo kikiwa ndani ya barafu, mchanganyiko ulizidi kuwa mzito hadi fimbo ya kukorogea ikaanza kuvuta nyuzi kama asali, lakini haukugeuka jeli. Nilipoumimina katika methanoli ulitoka mweupe, wenye nyuzinyuzi ndefu. Profesa aliutazama utando uliokauka, akasema tu, "Utie tanurini kwanza." Nimeupandisha hadi nyuzi 300 na haukulainika.

Kipande cha pembeni, chenye ukubwa wa ukucha, nimekirudisha katika dimethilasetamidi, kimojawapo cha viyeyusho vya amidi, bila chumvi wala moto. Mwanzoni kilivimba, kingo zake zikafifia, na kufikia saa tatu usiku sikuweza tena kukiona. Kesho asubuhi nitapima mnato wake.