Paa la bati Dar: ninavyolipitisha kiangazi, masika na vuli

Bati la mita 6 likishapigwa na jua la Februari linakuwa refu kuliko lilivyokuwa alfajiri kwa karibu milimita 3. Jioni linarudi, kesho linarefuka tena. Kaa ndani saa nane mchana, wingu lipite ghafla juu ya nyumba, utalisikia likilia ta, ta, ta. Hapo linavuta misumari. Mvua za Machi zikija zinakuta matundu yameshatayarishwa na jua.

Kwa hiyo kazi kubwa ya paa siifanyi masika. Wengi hapa mjini humwita fundi Aprili, maji yakishafika sebuleni, na Aprili ndiyo mwezi wetu wa mvua nyingi kuliko yote. Bati limelowa, linateleza, na fundi hana cha kufanya zaidi ya kupaka silikoni juu ya unyevu, ambayo itabanduka na jua la kwanza. Mimi hukagua Februari, masika nasaka tu maji yanakopita, nakarabati na kupaka rangi kipupwe, yaani Juni hadi Agosti, halafu Septemba nafagia kungojea vuli.

Februari, wiki ya pili au ya tatu, napanda kabla ya saa tatu asubuhi. Baada ya hapo bati linachoma hata kupitia soli. Ngazi naiegemeza kwa kipimo cha nne kwa moja: ikigusa ukuta kwenye mita 4, miguu yake iwe mita 1 kutoka ukutani, na ncha ipite ukingo wa paa kwa mita 1 ili niwe na pa kushika. Kabla ya kuinyanyua naangalia waya wa umeme wa TANESCO unaingilia upande gani, hasa ngazi ikiwa ya aluminiamu. Juu nakanyaga kwenye mistari ya misumari tu, maana chini yake ndipo papi zilipo, zile mbao bati linapopigiliwa. Ukikanyaga katikati ya papi mbili, bati la geji 30 linabonyea, na palipobonyea maji hutuama, kisha kutu.

Muda mwingi unaishia kwenye vichwa vya misumari na skrubu. Mpira wa washa, kile kiduara kilicho chini ya kichwa, ukiwa mzima, unabonyea kwa kucha na kurudi. Uliokufa una nyufa za duara kama tope lililokauka, na ukiukwangua unatoa unga mweusi. Kila penye mpira wa namna hiyo natia alama kwa maka, si kwa penseli: risasi ya penseli hula bati la alumini-zinki, na mstari uliouchora leo utauona umekuwa mchirizi wa kutu baadaye.

Kosa la kawaida kabisa ni kuupiga nyundo msumari uliotoka urudi palepale. Tundu kwenye mbao limeshapanuka. Utatulia wiki chache, kisha jua litautoa tena. Nauchomoa, na kwenye tundu hilohilo naweka skrubu nene zaidi, ili washa ifunike na tundu la bati. Kwa bati la mgongo mdogo, skrubu ya inchi 2 inatosha. Kwa bati la msauzi, ambalo mgongo wake una kimo cha sentimita 3 na nusu hivi, nachukua inchi 2 na nusu au 3, la sivyo kinachoingia kwenye mbao ni ncha tu. Soketi namba 8, drili kwenye mwendo mdogo, na nakaza mpaka mpira utokeze kidogo pembeni ya washa. Ukitandazika kama chapati, umeukaza kupita kiasi, na huo hupasuka mapema. Skrubu ikizunguka bure bila kushika, tatizo ni mbao: imeoza au mchwa wamepita. Hapo shuka, uingie darini na bisibisi uichomechome papi na kichwa cha kenchi (fremu ya mbao inayobeba papi) kilichokaa ukutani. Bisibisi ikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, mbao hiyo inabadilishwa. Usipoteze skrubu zako.

Msumari hukaa mgongoni mwa bati, bondeni ni njia ya maji. Na kwenye safu ya chini kabisa na ile iliyo chini ya kofia, bati linalofunika kilele cha paa, nataka skrubu kila mgongo, kwa sababu upepo huanza kunyanyua bati ukingoni. Upepo wa kusi ukishika Juni, bati lenye ukingo uliolegea utalijua kwa sauti usiku.

Wa pwani kabisa, Kigamboni, Msasani, Kunduchi, wana adui wa pili, chumvi. Jambo ambalo wengi hulikosa ni kwamba bati haliozi kwanza pale mvua inapopiga, kwa sababu mvua huiosha chumvi. Linaoza upande wa chini wa ukingo, chini ya kofia na chini ya tanki, mahali ambapo mvua haifiki. Mwezi Januari, mvua zikiwa mbali, pitisha mpira wa maji yasiyo na chumvi chini ya ukingo mzunguko mzima. Ni kazi ya nusu saa, na ni rahisi kuliko rangi yoyote.

Gata, mifereji ya ukingoni mwa paa, nazo ni za Februari. Tope jeusi linalotoka humo ni vumbi, majani ya mwarobaini na mwembe, na vitu vya kunguru: mifupa ya kuku, vipande vya waya, mara mfuniko wa chupa umekaa sawasawa kwenye mdomo wa bomba kama umetengenezwa kwa ajili yake. Naondoa kwa mkono na mwiko mdogo wa plastiki, si kwa jembe la chuma linalokwangua. Kisha namwaga ndoo mbili za maji upande wa mbali na bomba na kutazama. Maji yakituama katikati, vishikio vimelegea. Mteremko ninaoutaka ni milimita 5 kwa kila mita, na vishikio visipishane zaidi ya sentimita 60.

Piga hesabu kabla ya kununua bomba. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 120 likipigwa na mvua ya kasi ya milimita 100 kwa saa linamwaga lita 200 kila dakika. Bomba moja la inchi 2 haliwezi. Nyumba ya ukubwa huo inataka angalau mabomba mawili ya inchi 4, moja kila upande. Gata ikifurika, maji hurudi nyuma kwenye fishabodi, ubao wa ukingoni unaoshika gata, na fishabodi ikioza inaanguka na gata yake.

Masika yenyewe hubaki na tochi na chaki. Maji yanayodondoka sebuleni mara nyingi hayakuingilia juu ya sebule. Yameingia kwenye kofia, yakashuka juu ya papi, yakafuata kenchi mpaka yakakutana na fundo la mbao au ncha ya msumari, ndipo yakadondoka. Mita 2 au 3 za safari ni kawaida. Napanda darini mvua ikiwa inanyesha, nakanyaga juu ya kenchi, nafuata njia iliyolowa kuelekea juu hadi inapoanza, nachora duara la chaki na kuandika tarehe. Mchana wa jua narudi nazima tochi: tundu linaonekana kama nyota. Napenyeza kipande cha waya mwembamba kitokee nje, ili nikipanda juu nisianze kubahatisha.

Dari ya jipsamu ikishavimba kwa maji, zima swichi ya taa za chumba hicho kwenye sakiti, weka ndoo, na toboa kwa bisibisi sehemu iliyoshuka zaidi. Ukiiacha, itashuka bodi nzima.

Kama mvua zimekata na bado hujui, tumia mpira wa maji. Anzia chini karibu na ukingo, dakika 10, kisha panda hatua moja hadi kwenye maungio yanayofuata, mtu mwingine akiwa darini. Ukianzia juu maji yatashuka na kukudanganya. Na usirushe maji kutoka chini kwenda juu, kwani hakuna paa la bati lisilovuja ukilimwagia kinyumenyume.

Kipupwe ndio wakati wa mkono. Bati limekauka, mchana haliungui sana, na siku kavu zinafuatana. Nikiziba, naanza na brashi ya waya, kitambaa chenye thina, halafu nangoja pakauke. Silikoni yenye harufu ya siki siiweki kwenye bati hata bure: asidi yake hula zinki, na baada ya msimu kadhaa utakuta kutu chini ya kile ulichodhani ni dawa. Kwenye maduka ya vifaa Kariakoo uliza isiyo na asidi, na kama muuzaji hajui, fungua mdomo wa kopo unuse. Kwa maungio marefu ninaona utepe wa lami wenye mgongo wa aluminiamu una maana zaidi, ila ubonyezwe kwa kitambaa kizito mpaka pembe zake zishike.

Pale bati linapokutana na ukuta, usipake saruji. Saruji haitembei na bati linatembea, kwa hiyo ufa unatokea mwaka huohuo. Kata mfereji ukutani wa kina cha sentimita 2, ingiza kipande cha bati kilichokunjwa, kishuke juu ya paa angalau sentimita 15, na kiachwe huru upande wa chini. Kinachozibwa ni mfereji tu. Na ukikata bati kwa grinda, lipeleke chini ukakatie huko. Cheche zinazorukia paa huunguza rangi na kuacha chembe za chuma. Baada ya mvua mbili bati zima lina madoadoa ya kahawia, na lawama zinamwendea muuza bati.

Rangi nitaipita haraka. Rangi ya mafuta ikipakwa moja kwa moja kwenye bati jipya la zinki hubanduka kama ganda la kitunguu. Kwa zinki tumia rangi ya paa ya maji, na redoksaidi, rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, iwe kwa sehemu zenye kutu nyekundu tu. Paa la mita 120, ukihesabu migongo, lina kama mita 138 za kupakwa. Lita 1 ikienda mita 9, mikono miwili inataka lita 30 hivi. Fundi akija na ndoo moja ya lita 20, muulize mkono wa pili atautoa wapi, au ameongeza maji kiasi gani.

Paa la kuficha, lile linalozibwa na kuta zilizopandishwa juu yake, ni habari nyingine, na sifichi kwamba silipendi kwa mji huu. Linapendeza ukiwa barabarani, lakini maji yote yamefungiwa ndani ya kuta, na mteremko ni mdogo. Kwa paa hizo maungio ya bati kwa bati yawe na sentimita 25 hadi 30, si zile 15 za paa lenye mwinuko. Mfereji wa ndani uwe na upana wa sentimita 30 au zaidi, mtu aweze kusimama humo na ufagio. Matundu ya kutolea maji yawe mawili, na zaidi ya hayo liwepo tundu la dharura linalotokea nje ya ukuta, sentimita 5 juu ya sakafu ya mfereji na chini ya ukingo wa bati. Tundu hilo likianza kutema maji, unajua bomba limeziba. Bila tundu hilo, utajulishwa na dari. Mfereji wa zege naujaribu kipupwe: naziba mabomba kwa tambara, najaza maji kimo cha sentimita 3 na kuyaacha saa 24, nikiwa nimeweka alama ya kimo ukutani. Mara nyingi hata hivyo madoa ya ukutani hayatoki kwenye mfereji. Yanatoka kwenye kichwa cha ule ukuta wa kuficha, ambao plasta yake imepasuka na maji yanashukia ndani ya tofali. Kichwa hicho kifunikwe kwa bati lililokunjwa au zege lenye mteremko kuelekea ndani.

Nyumba za zamani zenye mabati ya asbesto, usisugue, usitoboe, usikate. Vumbi lake ni hatari kwa mapafu; fagio la waya lisikaribie kabisa.

Septemba ni kufagia tu, kuosha gata mara ya pili na kuangalia wavu wa popo chini ya kofia. Wenye tanki, mvua ya kwanza ya vuli iachieni ardhini, ina kinyesi cha kunguru cha miezi mitatu. Mimi mvua hiyo ya kwanza kubwa naingia nayo darini na tochi, kwenye yale maduara ya chaki ya Aprili. Duara likikaa kavu kwa nusu saa ya mvua nzito, nalikata kwa msalaba na kuandika mwezi. Likilowa, naongeza tarehe ya pili chini ya ile ya kwanza, na kazi hiyo inangoja Januari, vuli ikishapita.